Kirusi Nilichokiacha kwenye Friji

Kabla baba hajahamia kwangu, nilikuwa nimeishi peke yangu Bombolulu kwa miaka tisa, katika vyumba viwili vilivyo juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Upweke nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba nilipika wali wa siku tatu, nikaula baridi nikiwa nimesimama jikoni. Jumapili nikitoka kanisani nilipitia maabara, Kisauni, hata kama hakukuwa na kazi. Kule angalau friji zilinguruma. Nyumbani kwangu hapakuwa na kitu cha kunguruma isipokuwa pikipiki za watu zilizokuja kutengenezwa chini.

Maabara yenyewe ilikuwa ndogo. Tulianza watu watano. Wawili wakapata kazi Nairobi, mmoja akaenda kusoma ng'ambo, tukabaki mimi na mkuu wangu, mama mmoja wa makamo kutoka bara, mtu wa maneno machache. Kwa miaka yote ile alinisalimia kwa mkono kila asubuhi, kana kwamba ndiyo kwanza tumejuana.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta virusi vinavyoua bakteria. Watu wengi hawajui kwamba bakteria nao huugua. Wana virusi vyao, ambavyo mwanadamu havimgusi, na kila kirusi kina bakteria wake kinayemjua. Tuliteka maji machafu kwenye mitaro ya Magogoni na Timbwani, tukayachuja, tukayachanganya na bakteria tuliowaotesha kwenye sahani. Bakteria hutanda juu ya sahani kama ukungu wa maziwa. Palipokuwa na kirusi, siku ya pili utando ule ulikuwa na matundu maangavu, na kila tundu lilikuwa mahali ambapo kirusi kimoja kilianza, kikazaana, kikaangamiza kila kilichokizunguka. Tulitumaini kwamba siku moja virusi hivi vitatibu vidonda ambavyo dawa za kawaida zimeshindwa navyo.

Baba yangu hakuwahi kuniuliza juu ya haya. Yeye alikuwa mpakiaji. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipakia magunia ya chai ndani ya makontena kwenye ghala moja kule Changamwe, akiishi chumba cha kupanga karibu na kazini, huku mama na mimi tukiwa nyumbani, kijijini upande wa Kaloleni. Alikuja mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akarudi. Mama alipofariki, na baba akastaafu, nilidhani atarudi kijijini. Hakurudi. Alibaki kwenye chumba kile kile, karibu na ghala ambalo hakuwa na kazi nalo tena. Nilimpigia simu kila Jumamosi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima. Na wewe?"

"Tunashukuru Mungu."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Mwenye nyumba wake ndiye aliyenipigia kuniambia kwamba mzee anachechemea na chumba chake kinanuka. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta ameketi kitandani, mguu wa kulia umefungwa kipande cha kanga kuukuu ya mama. Alikuwa na kisukari miaka mingi na tulijua. Tusilojua ni kwamba msumari wa kiatu ulikuwa umemtoboa chini ya kidole gumba zaidi ya mwezi mmoja nyuma, na kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi, hakusikia maumivu. Nilipofungua ile kanga, nilijua kwa harufu kabla sijaona.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Una kazi zako."

Nilimhamishia Bombolulu. Nilimpa kitanda changu, nikalala sebuleni kwenye godoro. Hospitali ya umma tulikwenda mara mbili kwa juma, na siku nyingine nilimsafisha kidonda mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Aliutazama ukuta nilipokuwa nikisafisha. Aliona haya, mzee yule, kuoshwa mguu na binti yake, na mimi sikujua niseme nini cha kumwondolea haya. Nilidhani tukiishi pamoja tutazungumza. Lakini nilikuja kugundua kwamba watu wawili waliozoea kunyamaza, ukiwaweka nyumba moja, hunyamaza pamoja.

Isipokuwa jioni moja. Jua lilikuwa bado halijazama, tumekaa kwenye kibaraza cha ngazi, na mguu wake umeegemezwa juu ya ndoo. Akaniita, ingawa nilikuwa nimekaa pembeni yake.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Hivyo vitu unavyovitafuta kwenye mitaro. Vinafanya nini hasa?"

Nilishtuka. Nikaanza kwa maneno ya darasani, nikaona macho yake yanahama. Nikaanza upya.

Nilimwambia kwamba kirusi ni kichwa na mkia tu. Ndani ya kichwa mna uzi mrefu sana wa DNA, na ule uzi ndio maagizo yote ya kutengeneza virusi vingine. Kirusi hutua juu ya bakteria, humwaga uzi wake ndani, na bakteria, bila kujua, huanza kuyafuata maagizo ya mgeni. Hutengeneza vichwa vitupu, tele. Hutengeneza nyuzi mpya. Kisha uzi lazima upakiwe ndani ya kichwa.

Pale aligeuka akanitazama. "Unapakiwaje?"

"Kila kichwa kina mlango mmoja. Mlangoni hukaa mashine ndogo ajabu, inavuta uzi na kuusukuma ndani, hatua kwa hatua."

"Uzi una urefu gani?"

"Ukiunyoosha, ni mara mamia ya upana wa kichwa."

"Basi ndani mnabana."

"Mnabana sana. Mwanzo uzi huingia kwa urahisi. Kadiri kichwa kinavyojaa, uzi unajisukuma kutaka kutoka, na mashine inazidi kufanya kazi kwa nguvu. Katika mashine za ukubwa ule, ni chache zenye nguvu kuishinda."

Alicheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya mama. "Magunia ya mwisho," alisema. "Safu za mwanzo hata mgeni anapanga. Safu ya mwisho mlangoni ndiyo inayotaka mwanamume." Akafikiri. "Na inajuaje kwamba pamejaa?"

"Aina nyingine zinapima kwa kujaa kwenyewe. Mashine inavuta mpaka kichwa hakipokei tena, ndipo inakata uzi. Kisha inahamia kwenye kichwa kingine na kuendelea pale ilipokatia."

"Na inajuaje kuwa imeshika uzi wa kweli? Ndani ya huyo bakteria si mna uzi wake mwenyewe?"

Lile lilikuwa swali ambalo wanafunzi wa chuo huchukua muda kulifikia. Nikamwambia kwamba kwenye uzi wa kirusi kuna alama, na mashine huitafuta alama hiyo ndipo ianze kuvuta. Lakini mara moja moja, katika uzi wa bakteria mna mahali panapofanana na alama ile, na mashine hukosea. Hujaza kichwa kwa mali ya bakteria. Kirusi kinatoka nje kikiwa sawa na wenzake, lakini kimebeba mzigo usio wake.

"Na kikifika kwa bakteria mwingine?"

"Kinamwagia mzigo huo. Na kama ndani yake mlikuwa na kinga dhidi ya dawa, bakteria yule mwingine naye anaipata."

Alitikisa kichwa polepole. Akasema, "Hiyo ni hatari," akaomba chai.

Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Sijawahi kuwa na jioni nzuri kuliko ile na baba yangu.

Juma lililofuata daktari alituita ndani. Alikuwa mpole, akazungumza na baba moja kwa moja, jambo nililolipenda. Bakteria waliokuwa kidondani, alisema, wamekataa karibu kila dawa iliyopimwa. Wangejaribu zilizobaki. Zisipofaa, na uozo ukapanda kwenye mfupa, ingebidi wakate.

"Wakate kidole?" baba aliuliza.

"Tutaona, mzee. Huenda ikawa zaidi."

Kesho yake asubuhi, nilipokuwa nikimsafisha, nilichukua pamba ya maabara, nikaipitisha kwenye kidonda, nikaitia kwenye kichupa. Alipouliza nikamjibu ni ya kupimwa. Sikumwambia inapimwa wapi, wala kwa nini. Mkuu wangu pia sikumwambia. Haikuruhusiwa, na nilijua kwamba haikuruhusiwa.

Niliwaotesha bakteria wa baba. Ni wale ambao chini ya darubini hukaa vishada vishada kama zabibu. Tulikuwa na virusi kadhaa vya aina yao kwenye friji, nikavijaribu kimoja kimoja. Vitano havikufanya lolote. Cha sita, tulichokuwa tumekitoa mtaroni Timbwani, kilisafisha sahani nzima. Nilipolifungua kabati la joto la kuoteshea asubuhi ile nikaitoa sahani, niliona moja kwa moja hadi kwenye vidole vyangu upande wa pili. Hapakuwa na bakteria hata mmoja wa kuonekana. Nilikaa kwenye kiti nikalia, peke yangu, na sahani mkononi.

Ndipo mkuu wangu akaingia. Alinyoosha mkono kunisalimia, akaona uso wangu, akaushusha.

Nilimweleza yote. Nilitarajia anifukuze. Alivuta kiti akakaa.

"Unataka kumpa," alisema.

"Ndiyo."

"Hatuna ruhusa ya kumtibu mtu. Unajua."

"Tunaweza kuomba."

"Tutaomba. Leo nitaandika barua. Lakini barua zitachukua muda, na wewe kila asubuhi unafunga kidonda kile kwa mikono yako, hakuna anayekuona. Kwa hiyo naomba unisikilize. Hiki cha Timbwani, kinapakia vipi?"

Nilijua, lakini sikutaka kusema. "Kwa kujaza kichwa."

"Basi kabla hujafikiria lolote, pima kinabeba nini."

Kipimo chenyewe si kigumu. Unakuza kirusi ndani ya bakteria sugu, hawa wa baba. Unakichuja mpaka asibaki bakteria hata mmoja. Kisha unakichanganya, kwa uchache ili chenyewe kisiwamalize, na bakteria wapole wa maabara ambao dawa inawaua, na kuwaotesha juu ya sahani yenye dawa ile. Kama kirusi hakikubeba kitu, wote watakufa na sahani itabaki tupu. Niliandaa sahani kumi, na nyingine za kulinganishia zisizotiwa kirusi.

Siku mbili nilingoja. Nyumbani, baba alikuwa ameanza homa. Niliendelea kumwosha mguu na yeye akaendelea kuutazama ukuta, na mara mbili nilifungua kinywa nimwambie, nikafunga.

Sahani zisizotiwa kirusi zilikuwa tupu. Kwenye zile kumi zilizotiwa kirusi, saba zilikuwa na vidoa. Vidogo, vya manjano hafifu, viwili huku, vitatu kule. Kila kidoa kilikuwa bakteria mpole aliyepokea kinga kutoka kwa bakteria wa baba yangu, ndani ya kichwa cha kirusi kilichopakiwa kwa makosa. Nilivihesabu mara nne nikidhani labda nimekosea. Nikarudia kipimo kizima. Vidoa vikarudi.

Mkuu wangu alizitazama sahani zile juu ya taa kwa muda mrefu.

"Hapana," alisema. Kisha akasema, "Pole sana."

Tulitafuta kingine. Niseme ukweli, yule mama alitoka na mimi, amevaa viatu vya mpira, akainama kwenye mitaro ya Magogoni juani kama mtu wa miaka ishirini. Tulichuja maji ya sehemu nyingi. Hatukupata. Barua ya ruhusa haikuwa imejibiwa. Na chupa ya kirusi cha Timbwani ilikuwa pale kwenye friji, rafu ya pili, upande wa kulia. Asubuhi tatu mfululizo niliitoa, nikaishika, nikairudisha. Asubuhi ya nne nilihisi kwamba nikiigusa tena nitaitia kwenye mkoba, basi nikampa mkuu wangu ufunguo wa friji, na hakuniuliza kwa nini.

Walimkata baba mguu chini ya goti siku ya Alhamisi. Nilikuwa peke yangu kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Palikuwa na familia nyingine upande wa pili, watu wengi, wana chupa za chai na mikate, wanasali kwa sauti. Mama mmoja wao aliniletea kikombe, akaniuliza ninamngoja nani. Nikamwambia baba yangu. Akaniuliza wenzangu wako wapi. Nikasema wanakuja.

Alipona vizuri. Homa ilishuka, jeraha likafunga. Alirudi Bombolulu na magongo mawili, na ngazi za nyumba yangu zikawa kifungo kwake. Kibaraza alikifikia kwa kuburuta makalio, na hakutaka nimwone akifanya hivyo. Nilivumilia miezi miwili. Kisha alasiri moja ya Jumamosi, baada ya kula, nikamwambia.

Nilimweleza tangu pamba ya kwanza. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, alikuwa anakitazama kile kipande cha mguu kilichobaki.

"Kwa hiyo dawa ilikuwepo."

"Haikuwa dawa, baba. Ilikuwa inabeba..."

"Nimesikia inabeba nini. Ulinifundisha mwenyewe. Bakteria wangu si walikuwa tayari wamezishinda dawa? Wangeongezewa nini zaidi?"

"Si hao. Wengine walio kwenye ngozi yako. Walio kwenye vidonda vya wengine wodini. Na hatukujua kimebeba nini kingine."

"Kingeweza kunisaidia?"

Ningeweza kusema hapana. "Kingeweza," nikasema. "Sijui. Sitajua."

"Na hukuniuliza."

"Ungesema nikupe."

"Ndiyo. Ningesema unipe."

"Na mimi ningekupa, baba. Ndiyo maana sikukuuliza."

Pikipiki iliwashwa kule chini, fundi akaipandisha moto, akaizima. Baba aliyaokota magongo yake sakafuni.

"Ulikuwa mguu wangu," alisema. Hakupaza sauti. "Ungeniuliza. Hata kama jibu lako lingekuwa hapana. Ungekaa hapa, ukaniambia, tukaogopa wote wawili."

Aliingia chumbani akafunga mlango. Jumatatu aliniomba nimpigie dada yake wa kijijini, na mwisho wa juma lile shangazi alikuja na gari la kukodi kumchukua. Nilimsaidia kuingia. Aliniambia nibaki salama. Nikapanda ngazi, nikatoa mashuka kitandani, nikayaloweka, nikakaa kando ya beseni sijui kwa muda gani.

Simu za Jumamosi ziliendelea, fupi kama zamani, ila sasa aliyepokea alikuwa shangazi, naye akasema mzee amepumzika. Kazini nilirudi kwenye mitaro. Miezi kadhaa baadaye tulipata kirusi kingine cha bakteria wale wale, kidogo, chenye mkia mfupi. Hiki hakipakii kwa kujaza. Kila ncha ya uzi wake ina kifundo cha protini, na mashine yake haivuti uzi usio na kifundo hicho. Nilikipima kwa bakteria wa baba, ambao bado tulikuwa tumewahifadhi kwenye barafu. Kiliwaua. Sahani za dawa zilibaki tupu, zote, hata niliporudia mara tatu. Mkuu wangu alinipa mkono, akaushika kitambo zaidi ya kawaida yake. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu.

Nilikwenda kijijini sikukuu ya Pasaka bila kutoa taarifa. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba nyuma ya nyumba, anamenya muhogo, na shangazi amekwenda kanisani. Nilimwamkia. Aliitika. Nikachukua kisu kingine, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

Tulimenya kwa muda. Kisha nikamwambia juu ya kile kidogo, na vifundo vyake.

"Hakikosei?" aliuliza.

"Bado hatujakiona kikikosea."

"Kitapewa watu?"

"Si sasa. Labda miaka ijayo, wakituruhusu."

Aliudondosha muhogo kwenye sufuria ya maji, akachukua mwingine. "Mngekipata mapema," alisema.

"Ndiyo, baba."

Nilingoja aongeze neno, na alijua kwamba nangoja. Shangazi aliporudi aliniuliza kama naondoka jioni ile, na nikasema nitaondoka Jumanne. Baba aliinua macho akanitazama, kisha akanisogezea rundo la muhogo uliobaki.